Baiskeli ya Umeme: Jinsi ya Kuiongezea Nguvu bila Kuiunguza

Wakulima wa skimu za Makueni na Kitui wana punda wa aina mbili: punda mwenyewe, na baiskeli. Baiskeli hubeba mitungi ya maji kutoka mtoni, ndengu kwenda sokoni, maembe kwenda kwa mnunuzi, na mgonjwa kwenda zahanati. Siku hizi wako watu wetu, hasa vijana, ambao wameinunulia baiskeli mota ya umeme na betri, wakaifunga wenyewe nyumbani kwa spana na waya. Kazi hiyo ni nzuri, nasi twaisifu.

Lakini malalamiko yao ni mamoja. Penye tambarare, kama kando ya reli kutoka Emali kwenda Makindu, baiskeli hukimbia vizuri. Ikifika mlimani na mitungi miwili nyuma, hulia, hupunguza mwendo, halafu husimama. Mwenye baiskeli hushuka, akaisukuma pamoja na betri na mota yake, na watoto wakamcheka. Ndipo huuliza, “Nifanyeje ili nipate nguvu zaidi?”

Nguvu inaweza kuongezwa. Ila wengi huanza mahali pasipofaa. Hununua betri kubwa au huchezea kisanduku cha umeme kabla ya kujua nguvu waliyo nayo inapotelea wapi. Matokeo yake ni mota iliyoungua, au nyumba iliyoungua, na fedha za mavuno ya msimu mzima zimekwenda na moshi. Basi tufuate mambo haya kwa utaratibu.

NGUVU YA UMEME NI NINI?

Fikiri tangi la maji lililo juu ya kilima, na bomba linaloshuka hadi shambani. Tangi likiwa juu sana, maji hushuka kwa kasi kubwa. Bomba likiwa pana, maji mengi hupita kwa mara moja. Umeme nao ni hivyo. Urefu wa kilima ni VOLTI. Wingi wa maji yanayopita ni AMPEA. Ukizidisha volti kwa ampea, wapata WATI, na wati ndizo nguvu yenyewe.

Kwa mfano, betri ya volti 36 ikitoa ampea 15, nguvu yake ni 36 mara 15, yaani wati 540. Betri ya volti 48 ikitoa ampea 20 ina wati 960. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga pedali kwa saa nzima bila kuchoka hutoa wati 75 hadi 100 hivi. Kwa hiyo hata mota ndogo ni kama kuongeza miguu ya watu kadhaa.

Katika baiskeli, volti na ampea hazifanyi kazi moja. Volti huamua mota itazunguka kwa kasi gani. Ampea huamua mota itavuta kwa nguvu gani. Anayetaka kukimbia barabarani ahitaji volti. Anayetaka kupanda mlima na mzigo ahitaji ampea. Ukielewa jambo hili moja, hutanunua kitu kisicho chako.

MLIMA UNADAI KIASI GANI?

Sasa tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Tuseme wewe una kilo 70, baiskeli pamoja na mota na betri ni kilo 40, na mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40. Jumla ni kilo 150. Njia ni ya udongo, nayo yapanda mita 6 kwa kila mita 100. Hiyo si kali sana. Watu wa Kilungu na Mbooni wataiona kuwa tambarare. Wewe wataka kupanda kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa.

Kuinua uzito huo mlimani kwa mwendo huo kwataka wati 295 hivi. Kuzungusha magurudumu juu ya udongo mgumu kwataka wati 100 hivi. Jumla ni karibu wati 390 kwenye gurudumu. Kama magurudumu hayana upepo wa kutosha, au njia ina mchanga, ongeza wati 50: sasa mlima wadai 440.

Wewe una betri ya volti 36 na ampea 15. Karatasi ya duka yasema wati 540. Mbona baiskeli yasimama? Tazama njiani. Betri ikivutwa kwa nguvu, volti zake hushuka. 36 huwa 33. Basi 33 mara 15 ni wati 495. Waya mwembamba na maungio yaliyolegea hula volti nyingine 2. Hizo ni wati 30. Mota hupokea wati 465. Mota nayo haigeuzi umeme wote kuwa mwendo. Sehemu moja kati ya nne huwa joto. Kwenye gurudumu hufika karibu wati 350 tu. Mlima wadai 440. Pengo ni wati 90, na hizo ni za miguu yako. Miguu ikichoka, safari imekwisha.

Hesabu hii yaonyesha mambo mawili. Kwanza, karatasi ya duka si mlima. Pili, pengo si kubwa, nalo laweza kuzibwa kwa gharama ndogo.

KWANZA, OKOA INAYOPOTEA

Kabla ya kununua kitu chochote, fanya haya.

Jaza upepo. Kando ya gurudumu mtengenezaji ameandika kiasi cha upepo. Ufuate, hasa gurudumu la nyuma linalobeba mzigo. Kazi hii ya dakika tano yaweza kukurudishia wati 50.

Inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Likisimama upesi, breki inakwaruza au beringi zimekauka grisi. Mnyororo nao upakwe mafuta, kwa kuwa vumbi la Kibwezi na la Mutomo hula mnyororo kama mchwa alavyo mlingoti.

Tazama waya. Waya wa taa za nyumba, ule wa milimita 1.5 za mraba, haufai kubeba umeme wa mota. Umeme wa ampea 30 ukipita katika waya huo mita moja kwenda na mita moja kurudi, wati 20 hivi hugeuka kuwa joto. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba, hupoteza wati 5 tu. Tena ufanye waya kuwa mfupi kadiri iwezekanavyo, usiuzungushe kwenye fremu kama kamba ya mbuzi.

Gusa maungio baada ya kupanda mlima, ukiisha zima. Ungio lolote lililo moto ndipo mahali pa hasara. Kusokota waya mbili na kuzifunga kwa nailoni si ungio. Zilehemu vizuri au tumia viungio vya shaba vilivyotengenezwa kwa ampea nyingi.

Mwisho, punguza uzito. Katika mlima wetu kila mtungi wa lita 20 wadai wati 50 hivi. Safari mbili za mtungi mmoja mmoja huenda zikawa nafuu kuliko mota mpya.

Rudi sasa kwenye hesabu. Mlima wadai 390 badala ya 440. Mota yapokea wati 495 badala ya 465, na gurudumu lapata karibu 370. Pengo lililokuwa 90 limekuwa 20, nawe hujanunua chochote ila waya na grisi. Wati 20 hata mzee huzitoa huku akiimba.

BETRI NDIYO GHALA

Mkulima ajua kwamba mlango wa ghala ukiwa mwembamba, gunia hazitoki upesi hata kama ghala limejaa. Betri ni hivyo. Betri ndogo au iliyozeeka yaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imetulia, lakini ikivutwa, volti zaporomoka.

Azima mita ya kupima umeme. Pima betri baiskeli ikiwa imesimama, kisha mtu mwingine aitazame mita wakati unapanda mlima. Volti zikishuka 2 au 3, ni kawaida. Zikishuka 6 au 8, betri ndiyo mgonjwa, na hakuna mota wala kisanduku kitakachoiponya.

Betri za asidi na risasi, kama za gari, ni za bei nafuu, lakini ni nzito mno. Tena zikivutwa kwa nguvu nyingi hutoa umeme mchache kuliko ulioandikwa, na ukizimaliza kabisa kila siku hufa upesi. Usitumie zaidi ya nusu yake. Betri za lithiamu ni nyepesi, nazo hutoa ampea nyingi. Hizi ndizo zifaazo baiskeli, lakini zataka heshima, kama tutakavyoona.

Ukinunua betri, usitazame volti peke yake. Tazama na ampea-saa. Betri ya ampea-saa 10 iliyotengenezwa kwa kazi ya kawaida isilazimishwe kutoa ampea 30. Tena ujue kwamba nguvu na safari hugawana mfuko mmoja. Betri ya volti 48 na ampea-saa 13 ina wati-saa 624. Ukiitoa wati 500, itadumu saa moja na robo hivi. Ukiitoa wati 1,000, haitafika dakika 40. Anayeongeza nguvu bila kuongeza betri amepunguza safari yake.

KUONGEZA VOLTI

Ukitoka volti 36 kwenda 48, kasi ya mota huongezeka kwa theluthi moja. Hata mlimani utapata nafuu, kwa kuwa ampea zile zile 15 sasa zasukumwa na volti nyingi zaidi, na wati za karatasi huwa 720 badala ya 540. Faida nyingine ni kwamba waya hauongezewi joto, maana ampea hazikuongezeka.

Hili si jambo geni. Mwaka 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma, kama hizi zetu. Betri yake ilikuwa ya volti 10, na mota iliweza kuvuta hadi ampea 100. Fikiri unene wa waya wa kubeba ampea 100! Tangu siku hizo mafundi wamekuwa wakipandisha volti ili ampea zipungue.

Lakini kila kifaa kina kikomo chake. Kati ya betri na mota kuna kisanduku kiitwacho kontrola, ambacho hupima umeme unaokwenda kwenye mota. Ndani yake mna vifaa vidogo vya duara viitwavyo kapasita, na kila kimoja kimeandikwa volti kiwezazo kuvumilia: 50, 63, au 100. Hapo ndipo watu hukosea, nami nilikuwa mmoja wao. Kontrola yangu ilikuwa ya volti 36, na kapasita zake ziliandikwa 50. Niliifunga kwenye betri ya volti 48 jioni moja, nikaenda nayo hadi dukani, ikakimbia kama swala. Nikajisifu. Usiku nikachaji. Asubuhi nilipowasha tu, kontrola ililia kama risasi na kutoa moshi, na mtoto wangu alikuwa amesimama karibu nayo. Alhamdulillahi, hakuumia.

Kosa lilikuwa nini? Jina la betri si kipimo chake. Betri ya lithiamu iitwayo ya volti 36 ikijaa huwa na volti 42. Ile ya 48 ikijaa huwa na volti 54.6. Ile iitwayo ya 52 hufika 58.8. Jioni ile betri yangu ilikuwa imefika nusu, nayo ilikuwa na volti zipatazo 48, chini ya 50. Asubuhi ilikuwa imejaa: 54.6. Kwa hiyo, fungua kontrola, soma kapasita, na uhakikishe kwamba betri ILIYOJAA iko chini ya namba hiyo, tena kwa nafasi ya kutosha. Kapasita za 63 zafaa betri ya 48. Zaidi ya hapo nunua kontrola nyingine.

Kuna hatari ya pili ambayo haionekani. Kontrola huzima mota betri inapokaribia kwisha, ili betri isiharibike. Kontrola ya volti 36 huzima kwenye volti 31 hivi. Betri ya volti 48 ikifika huko imekwisha kuharibika. Isishuke chini ya 39. Kwa sababu hii pia, kontrola na betri ziwe za namba moja. Na chaja vile vile: chaja ya betri moja isitumiwe kwa betri nyingine hata kama tundu linaingia.

KUONGEZA AMPEA

Hapa ndipo penye nguvu ya mlima, na hapa ndipo penye moto.

Kontrola ndiyo inayoweka kikomo cha ampea. Ukinunua kontrola ya ampea 20 badala ya 15, mvuto wa mota huongezeka kwa theluthi moja. Lakini Mwingereza mmoja jina lake James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto ndani ya waya huongezeka kwa ampea zilizozidishwa kwa ampea zenyewe. Ukiongeza ampea mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, bali mara NNE. Ukizitoa 15 hadi 20 tu, joto la mota hukaribia kuwa mara 1.8 ya lile la kwanza. Kwa hiyo panda kidogo kidogo. Kutoka 15 kwenda 20, mota nyingi nzuri huvumilia kwa milima mifupi. Kutoka 15 kwenda 30 ni kuitafutia mota kaburi.

Tena angalia betri kabla ya kontrola. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kibao cha ulinzi, nacho kina kikomo chake cha ampea. Kontrola ikidai 25 na kibao kinaruhusu 20, kibao kitakata umeme katikati ya mlima. Usikitoe kibao hicho ili upite. Hicho ndicho askari wa mlango wa betri. Akiondoka, mwizi ni moto.

Wako mafundi wanaofungua kontrola na kuongeza risasi ya kulehemia juu ya waya mfupi mnene unaopima ampea, ili kontrola idanganyike na kutoa umeme mwingi. Ni kweli nguvu huongezeka siku hiyo. Lakini hakuna ajuaye imeongezeka kiasi gani, na transista zilizo ndani hazikuongezwa. Ni kama kuvunja mizani ya sokoni ili gunia lionekane jepesi. Usifanye hivyo.

GURUDUMU DOGO: NJIA YA MWENYE BUSARA

Kuna njia moja isiyotajwa sana, nayo haiongezi joto hata kidogo. Baiskeli zetu kubwa nyeusi, zile tuziitazo Black Mamba, zina magurudumu ya inchi 28. Mota ikiwa ndani ya gurudumu kubwa, husukuma kwa mkono mrefu, na mvuto hupungua. Mota ile ile ikisukwa kwa spoki ndani ya rimu ya inchi 24, mvuto wake huongezeka kwa sehemu moja katika sita. Katika rimu ya inchi 20, huongezeka kwa sehemu mbili katika tano. Kasi ya juu hupungua kwa kadiri hiyo, lakini mwenye mitungi hana haja ya kukimbia. Ni lazima tu fremu na breki zikubali gurudumu hilo.

Wanaoanza upya na wanaoishi milimani wafikirie pia aina ya mota. Ziko mota zenye gia ndani yake. Ni nyepesi na hupanda vizuri, ila gia za nailoni huvunjika ukizidisha ampea. Ziko mota zisizo na gia. Ni nzito, huvumilia joto, lakini hupenda mwendo wa kasi. Ziko na mota zinazofungwa kwenye pedali, zinazotumia gia za baiskeli yenyewe. Hizi ndizo bora kwa mlima mkali, ikiwa baiskeli ina gia.

JOTO NDILO ADUI

Mota haifi kwa kuvuta. Hufa kwa joto. Likizidi, rangi iliyofunika waya za ndani huungua, na sumaku hupoteza nguvu yake isirudi tena. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: kwa mvuto ule ule, mota hupata joto lile lile kila dakika, uende upesi au uende polepole. Lakini ukienda polepole, dakika za mlimani ni nyingi zaidi. Kwa hiyo kuikaba mota kwa mwendo wa kobe mlimani, eti unaionea huruma, ndiko kuiunguza. Ingia mlimani na mwendo, saidia kwa pedali tangu chini, na ukiona mwendo umekuwa wa mtu anayetembea, zima, shuka, usukume.

Ukifika juu, weka kiganja juu ya mota. Ukishindwa kukiacha kwa kuhesabu hadi tano, ipumzishe kivulini dakika 20. Kumbuka kwamba ndani ni moto kuliko nje. Katika joto la mchana la Kibwezi au Mutomo, mota huanza safari ikiwa tayari na joto. Mizigo ya mlima ni afadhali ibebwe asubuhi.

USALAMA

Kila nguvu unayoongeza yapita katika ekseli. Mota ikivuta kwa nguvu, ekseli hutaka kuzunguka ndani ya uma, na ikizunguka, waya hukatika na gurudumu huweza kutoka. Funga mkono wa chuma wa kuzuia ekseli, na ukaze nati kila juma. Usiongeze nguvu kwenye mota iliyo gurudumu la mbele katika uma wa chuma chembamba au wa alumini.

Breki kwanza, mota baadaye. Baiskeli yenye kilo 150 inayoshuka Kilungu kwa breki za fimbo za kizamani si baiskeli, ni jiwe. Weka pia fyuzi karibu kabisa na betri, yenye ampea zinazozidi kidogo zile za kontrola.

Betri ya lithiamu usiichaji chumbani mnamolala, wala karibu na mlango, wala usiku watu wakiwa wamelala. Iweke kwenye sakafu ya saruji au udongo, mbali na nyasi na mafuta. Betri iliyovimba, iliyoanguka, au iliyoingiwa na maji isichajiwe tena. Paneli ya jua isiunganishwe moja kwa moja na betri ya lithiamu. Ni lazima kuwe na chaja yake katikati. Betri ikianza kutoa moshi, toa watu wote na mifugo, ukae mbali, maana moshi wake ni sumu. Usirudi kuokoa kitu.

Mwisho, baiskeli iliyoongezwa nguvu sana yaweza kuhesabiwa kuwa pikipiki mbele ya sheria. Uliza ofisi ya NTSA kabla ya kuingia barabara kuu, na uvae kofia ya kinga na koti la kumetameta hata kama hakuna aliyekuuliza.

KWA KIFUPI

1. Jaza upepo, legeza breki zinazokwaruza, paka mafuta, punguza mzigo.
2. Badili waya mwembamba na maungio mabovu.
3. Pima volti za betri ukiwa mlimani. Betri ikiwa mgonjwa, anza na hiyo.
4. Ikiwa mlima ndio shida, fikiria gurudumu dogo.
5. Ndipo uongeze volti, baada ya kusoma kapasita. Chaja, kontrola na betri ziwe za namba moja.
6. Mwisho kabisa uongeze ampea, kidogo kidogo, huku ukishika mota kwa kiganja.
7. Fanya badiliko moja, litumie juma zima, halafu jingine. Ukibadili mambo matatu kwa siku moja, hutajua ni lipi lililofaa na ni lipi lililoharibu.

Kama hujui kulehemu wala kusoma mita, si aibu. Mpelekee baiskeli mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe, na ukae naye ukitazama mikono yake. Mkulima hapandi mbegu zake zote kabla ya mvua ya kwanza; hutazama udongo. Tazama na baiskeli yako vivyo hivyo, nayo itakufikisha juu ya mlima pamoja na maji.